Wawili wa njano na nyeusi

Watu wanaojua kwamba napenda wadudu huniuliza swali moja kuliko mengine yote, na halihusu nyuki wala vipepeo. Ni hili: "Kuna mdudu mweusi mwenye njano anamaliza maua yangu. Nimpulizie dawa gani?" Nami hujibu kwa swali jingine, ingawa najua linaudhi: ni yupi kati ya wale wawili?

Maana wapo wawili. Katika bustani za kusini mwa Afrika, joto likishaanza kukolea, mbawakawa wawili wenye rangi hizohizo hushuka kwenye maua yaleyale. Waridi, hibiskasi, maua ya michungwa na mipichi, maua ya maharage, wote wawili humo hawakosi. Ukubwa wao haupishani sana, sentimita mbili na ushee. Mtu akipita na ndoo ya maji mkononi ataapa kwamba ameona mdudu mmoja tu. Na hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu mmoja unaweza kumchukua kwa vidole na kumweka mtoto wako kiganjani, na mwingine hapana. Hapana kabisa.

Wa kwanza ni Pachnoda sinuata. Wa pili ni Hycleus oculatus, ambaye vitabu vingi vya zamani vinamwandika Mylabris oculata. Huyu wa pili, huko Afrika Kusini, wengi humjua kwa herufi tatu tu, CMR, yaani Cape Mounted Riflemen, kikosi cha wapanda farasi cha enzi ya koloni la Rasi ya Tumaini Jema, kwa sababu rangi zake ziliwakumbusha watu rangi za kikosi hicho. Pachnoda alipewa jina la kisayansi mwaka 1775 na Johan Christian Fabricius wa Denmark, na mwenzake mwaka 1791 na Carl Peter Thunberg wa Sweden, ambaye aliwahi kukaa Rasi akikusanya mimea na wadudu. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa Carl Linnaeus, yule aliyeweka mfumo wa majina ya kisayansi ya viumbe. Haina maana yoyote kwa mkulima wa maharage, lakini mimi hufurahi kila nikikumbuka.

Kwa ufupi wa maandishi, wa kwanza nitamwita paknoda na wa pili mbawakawa wa malengelenge. Jina hili la pili litajieleza lenyewe.

Kuwatofautisha si kazi ngumu ukishajua pa kutazama, na pa kutazama si rangi. Tazama umbo. Paknoda ni kipande cha mdudu: mpana mabegani, mgongo bapa, gamba gumu linalong'aa, kichwa kidogo kilichoinamia mbele kama anataka kupenya mlango uliofungwa. Njano yake imezunguka kingo za mwili na kuingia katikati kwa mawimbi. Vipapasio vyake ni vifupi, na ncha zake zimegawanyika vibamba vidogo ambavyo yeye huvitandaza anapotafuta harufu na kuvikunja anaposhtuka. Ukimsogelea taratibu utaona vibamba hivyo vikifunguka na kufumba.

Yule wa malengelenge ni mrefu na mwembamba zaidi, na mwili wake unaonekana kulegea. Kichwa ni kikubwa, kimening'inia chini, na nyuma yake pamebanwa hadi unaweza kusema ana shingo. Mbawakawa wengi hawana kitu kama hicho. Miguu ni mirefu. Mabawa yake ya juu si gamba gumu, ni laini kama ngozi, meusi, yenye mikanda ya njano inayokatiza mgongo, na kwa mbele madoa mawili ya mviringo yaliyo kama macho. Vipapasio vyake ni vya rangi ya chungwa. Mimi nikiona rangi hiyo ya chungwa huwa sihitaji kuendelea kutazama.

Wakiruka ndiyo kabisa. Mbawakawa wengi, ili waruke, lazima wafungue mabawa ya juu na kuyainua, kisha wakunjue yale laini yaliyofichwa chini. Wa malengelenge hufanya hivyo, na huruka kizito, polepole, miguu ikining'inia, kama mtu asiye na wa kumkimbia. Paknoda ana ufundi mwingine. Pembeni mwa mabawa yake ya juu pana mkato, na kupitia mkato huo hutoa mabawa ya kurukia bila kufungua gamba lolote. Basi anaruka akiwa amefunga, kasi, kwa mvumo mzito unaokufanya uinamishe kichwa ukidhani ni nyigu. Halafu anatua vibaya. Sijawahi kumwona paknoda akitua kwa heshima. Hujigonga kwenye ua, huanguka nusu, hujivuta juu, na kabla hujamaliza kucheka ameshazama hadi kiunoni.

Kuzama huko kuna sababu. Kinywa cha paknoda si cha kukata vitu vigumu. Taya zake ni dhaifu, zina sehemu laini na vinyweleo vya kufagia, zinazofaa chavua, utomvu mtamu, petali laini, na tunda lililoiva sana au ambalo tayari limetobolewa na ndege. Ndiyo maana utamkuta ndani kabisa ya waridi, kichwa chini, akila stameni na petali za katikati, na ndiyo maana ua lililotembelewa naye huonekana zima kwa nje na limebomoka kwa ndani. Wakiwa wengi hujipanga ndani ya ua moja, migongo nje, na hakuna anayempisha mwenzake.

Mwenzake ana taya za kweli. Huanza ukingoni mwa petali na kuila kwa kuikata, kisha stameni, kisha kilichobaki. Kwenye waridi, hasara ya wote wawili ni ya macho tu: ua limeharibika, mti uko palepale, wiki chache baadaye unachanua tena. Kwenye maharage hesabu inabadilika, kwa kuwa ua lililoliwa halitoi ganda. Lakini hata hapo napenda watu wapunguze hofu kidogo. Mharage wenyewe huangusha maua mengi bila kuguswa na mdudu yeyote, na maua machache yanayoliwa mara nyingi yangeanguka hata hivyo. Kundi kubwa likitua wakati shamba zima limechanua, hilo ni jambo lingine, na hutokea, kwa sababu hawa wa malengelenge wana tabia ya kukusanyika.

Sasa tuje kwenye vidole.

Mshike paknoda. Atakachokufanyia ni kukukwaruza kwa miguu yenye miiba midogo, kwa nguvu inayoshangaza, na kukunyea majimaji yenye harufu mbaya. Basi. Unanawa, yamekwisha.

Mshike yule mwingine na mwanzoni hakuna kitu. Haumi, hachomi, hata hakimbii sana. Atajifanya amekufa, akunje miguu, na kwenye maungio ya miguu yatokee matone madogo ya rangi ya njano, mafuta-mafuta. Ni damu yake mwenyewe, ameitoa makusudi. Ndani yake mna sumu iitwayo kantaridini. Hutasikia maumivu papo hapo, na hilo ndilo linalowaponza watu. Saa kadhaa baadaye ngozi huwaka, na kwenye mstari uleule tone lilipopita huinuka lengelenge lenye maji. Aliyefikicha jicho baada ya kumshika ana shida kubwa zaidi. Ngozi ya kawaida hupona, mara nyingi bila kovu, ila siku zenyewe si za kufurahisha. Ukimgusa kwa bahati mbaya, nawa kwa sabuni na maji mengi mara moja, usingoje dalili.

Najua msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa ameshamfikiria yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi ambaye wengi humwita Nairobi fly. Naye ni mbawakawa, naye haumi, naye hubabua ngozi. Lakini sumu yake ni nyingine, pederini, ambayo hutengenezwa na bakteria wanaoishi mwilini mwake, na hutoka mtu anapompondaponda juu ya ngozi. Wa malengelenge hahitaji kupondwa. Anatoa mwenyewe.

Kantaridini ina historia ndefu na si yote ya fahari. Mfamasia Mfaransa Pierre Robiquet aliitenga mwaka 1810 kutoka kwa jamaa wa Ulaya wa mbawakawa huyu, yule wa kijani anayeitwa Lytta vesicatoria, ambaye kwa karne nyingi alikaushwa, akasagwa na kuuzwa kama dawa ya kuongeza ashiki. Waliomeza unga huo walipata muwasho mkali wa njia ya mkojo, wengine figo ziliharibika, na wapo waliokufa. Leo madaktari wa ngozi huitumia kwa uangalifu, kwa kiasi kidogo mno, kuondoa vipele vya aina fulani na chunjua. Sumu hii haipotei mdudu anapokufa na kukauka. Nchini Marekani farasi wamekufa kwa kula majani makavu yaliyofungwa pamoja na mizoga ya mbawakawa wa familia hii, waliokuwa kwenye maua ya lusani siku ya kuvuna. Na hapa kwetu Afrika yuko bata bukini mmoja mkubwa, mwenye mwiba kwenye bawa, ambaye nyama yake inaweza kumdhuru binadamu kwa sababu bata huyo hula mbawakawa hawa bila kudhurika na sumu hubaki mwilini mwake.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi wanavyoitumia wao kwa wao. Dume ndiye mtengenezaji mkuu wa sumu hiyo. Wanapojamiiana humpa jike sehemu ya akiba yake, na jike huitumia kulinda mayai. Mahari ya sumu! Mayai hayo huzikwa ardhini yakiwa na silaha yao tayari, na siafu au mbawakawa mwingine anayeyakuta hufikiri mara mbili. Ile njano na nyeusi, basi, si pambo. Ni tangazo. Ndege aliyejaribu mara moja hakumbuki ladha tu, hukumbuka na sare. Ndiyo maana anaweza kukaa juu ya ua jeupe mchana kweupe, peupe kabisa, wakati paknoda akijichimbia ndani.

Hadi hapa mtu atasema hukumu ni rahisi: paknoda ni mkorofi asiye na madhara, mwenzake ni adui. Mimi nilikuwa nikipenda hukumu hiyo hadi nilipoanza kufuatilia wanakotoka, maana mbawakawa tunayemwona kwenye ua yuko mwishoni mwa maisha yake. Sehemu kubwa ya umri wake ameimaliza chini ya ardhi, akiwa buu, akila kitu kingine kabisa.

Paknoda jike hutaga kwenye mboji, kwenye samadi iliyooza, au chini ya majani yaliyorundikana. Yeyote aliyepindua lundo la mboji amewaona watoto wake: mabuu manene meupe, yamejikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia, sehemu ya nyuma imejaa weusi wa chakula kinachoonekana kupitia ngozi. Wengi huwaua hapohapo wakidhani ni wale wanaokata mizizi. Usifanye haraka. Mweke buu mmoja juu ya ubao au saruji, kisha subiri. Buu la ukoo huu litanyooka, lijigeuze chali, na kuondoka likitambaa kwa mgongo, miguu sita mifupi ikipunga hewani bila kazi, mwili ukipita mawimbi kutoka nyuma kwenda mbele. Huenda haraka kuliko unavyotarajia. Mabuu wengi wanaokula mizizi ya nyasi hawafanyi hivyo. Hubaki wamelala ubavu na kujikunja. Ni kipimo kisichohitaji kioo cha kukuzia wala kitabu.

Anayetambaa kwa mgongo anakufanyia kazi. Hula majani yaliyooza, vipande vya mbao laini, samadi, na kutoa punje ndogo ngumu za mavi ambazo ni nusu ya safari ya kuwa udongo. Tumbo lake ni kiwanda. Kwa jamaa yake wa karibu, Pachnoda ephippiata, watafiti walipima ndani ya utumbo wa kati na kukuta hali ya alikali kali mno, pH zaidi ya 10, na nyuma yake sehemu pana iliyojaa vijidudu vinavyochachusha kile ambacho mnyama mwenyewe hawezi kumeng'enya, hadi gesi ya methani hutoka. Ng'ombe mdogo, chini ya lundo lako la majani. Akishiba hujijengea kifuko cha udongo na mavi yake, kigumu, laini kwa ndani, na humo hugeuka kuwa yule mdudu wa njano utakayemlaani kwenye waridi. Maana yake ni kwamba anayetengeneza mboji nyingi na kupanda waridi nyingi anafuga paknoda kwa mikono miwili, na hana wa kumlaumu.

Ila nisimpambe kupita kiasi. Ukoo wake haukosi waharibifu: Pachnoda interrupta nchini Ethiopia amekuwa balaa la mtama tangu miaka ya 1990, akivamia masuke yenye punje changa. Na paknoda wetu mwenyewe akikuta matunda laini yameiva hawezi kuombwa aondoke.

Mtoto wa mbawakawa wa malengelenge ana hadithi ya ajabu zaidi. Hatoki kwenye yai akiwa buu mnene. Anatoka mwembamba, mwepesi, mwenye miguu iliyokamilika, na kazi yake ya kwanza maishani ni kukimbia na kutafuta. Anatafuta mayai ya panzi. Panzi na nzige hutaga ardhini kwa mafungu, yamefunikwa kwa povu lililokauka, na mtoto huyu mdogo hupekua udongo hadi alipate fungu moja. Akilipata huingia, huanza kula, na akijivua ngozi hahitaji tena miguu ya mbio; sasa huwa buu laini, mvivu, aliyezungukwa na chakula. Baadaye tena hubadilika, huwa na ngozi ngumu, hatembei wala hali chakula, na katika umbo hilo huweza kungoja majira mabaya yapite. Kisha hurudi kuwa buu, kisha pupa, kisha yule mwenye vipapasio vya chungwa. Maumbo mengi kiasi hicho katika maisha ya mdudu mmoja ni jambo ambalo wadudu wachache sana huliweza.

Asiyelipata fungu la mayai hufa. Ndiyo sababu jike hutaga mengi. Na ndiyo sababu pia mwaka wa panzi wengi huweza kufuatwa na msimu wa mbawakawa hawa wengi: watoto wamekuta meza imejaa.

Sasa ipime tena ile hukumu. Yule anayekutia lengelenge na kula maua ya maharage, utotoni mwake alikula fungu zima la mayai ya panzi ambao wangekula majani ya maharage hayohayo. Yule asiye na sumu, anayechekesha akitua, hakula mdudu yeyote. Alikula taka zako na kukuachia udongo. Sioni namna ya kumweka mmoja kwenye safu ya marafiki na mwingine kwenye safu ya maadui bila kudanganya.

Kwa hiyo ninachofanya hutegemea nani yuko wapi. Paknoda kwenye waridi za mapambo namwacha, isipokuwa nikitaka maua ya kukata. Hapo huamka mapema, wakati ubaridi wa asubuhi bado umemlegeza, naokota kwa mkono na kuwaangusha kwenye ndoo ya maji yenye sabuni. Kwenye matunda hutangulia kuvuna, na yaliyopasuka huyaondoa chini ya mti, kwani harufu ya kuchacha ndiyo inayowaita. Wakati wa kupindua mboji naangalia kama kuna mabuu, nayarudisha kwenye lundo jingine ambalo bado bichi. Hayo yaliyobaki hupatwa na ndege.

Wa malengelenge kwenye maua yasiyo na faida kwangu simgusi, na watoto wa nyumbani wanajua kwa nini. Kwenye maharage yakiwa yamechanua, wakija wawili watatu nawaangalia tu. Likija kundi, navaa glavu na mikono mirefu, natanguliza ndoo ya maji ya sabuni chini ya tawi, nagonga tawi kwa kijiti. Wao, kwa ile tabia yao ya kujifanya wafu, huanguka moja kwa moja. Naona hiyo ni haki: silaha yao ya pili ndiyo inayowamaliza.

Dawa ya kupulizia siitumii kwa yeyote kati yao, nami si mtu wa kuchukia dawa kwa kanuni. Hawa wanakula ua lililofunguka, na ua lililofunguka ndipo nyuki alipo. Isitoshe, wanaruka vizuri. Utakaowaua leo, kesho wengine watatoka kwa jirani, lakini nyuki uliowaua hawatarudi kwa kasi hiyo.

Jambo la mwisho ni mizoga. Waliokufa ndani ya ndoo, ikiwa ni paknoda, mimi huwarudisha kwenye mboji walikotoka. Wa malengelenge huwazika shimo refu, mbali na majani ya kulisha mifugo, na glavu nazisafisha kabla sijazivua.